Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu neno la Kiingereza “duplicity”

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wanafunzi wa Kiingereza, wafasiri wenzangu, na wakili mmoja mmoja anayepiga simu asubuhi akitaka neno kabla hajaingia mahakamani. Yanaanza na ya msingi na kuishia na yale yenye ubishi. Mwenye haraka asome la 1 na la 9; hayo mawili ndiyo yanayokosewa zaidi.

## Mambo ya mwanzo

1. “Duplicity” maana yake nini hasa?

Ni undumilakuwili: kumwonyesha mtu upande mmoja huku upande wa pili, ulio kinyume na huo, ukiwa umefichwa. Ukilifasiri kwa “udanganyifu” hujakosea, ila umelichukua nusu. Kila ndumilakuwili ni mdanganyifu, lakini wadanganyifu wengi si ndumilakuwili.

Kipimo changu ni hesabu ya mtoto wa chekechea: tafuta viwili. Nyuso mbili, kauli mbili, hati mbili, nia mbili. Halafu tafuta mtu anayeaminishwa kwamba kipo kimoja tu. Visipopatikana viwili, neno hili halifai, hata kama uongo upo wa kutosha.

Chukua dalali wa viwanja. Asubuhi anampigia mwenye mali: “Mzee wangu, soko limelala. Huyu mteja kagota kwenye milioni 18, na mimi hapa nakupigania.” Mchana yuko na mnunuzi kivulini, kaegemea pikipiki: “Kaka, mzee kakaza. Chini ya milioni 23 hauzi. Lakini usijali, nakupigania.” Milioni 5 zilizobaki katikati ndizo cha juu chake. Mwenzangu mmoja aliwahi kunibishia kwamba “duplicity” iko kwenye hizo milioni 5. Sivyo. Hizo ni pesa tu. “Duplicity” iko kwenye lile “nakupigania” lililosemwa mara mbili, kwa watu wawili, na kila mmoja akaamini ni lake peke yake.

2. Linatamkwaje?

Kwa Waingereza ni “dyu-PLI-si-ti”, kwa Wamarekani wengi “du-PLI-si-ti”. Mkazo uko kwenye “pli”. Sisi tuliozoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho huwa tunasema “dyu-pli-SI-ti”, na msikilizaji anabaki akijiuliza ni mji gani huo.

3. Limetoka wapi?

Kilatini. Mzizi wake ni “duplex”, yaani kitu cha mikunjo miwili: sehemu moja ni mbili, nyingine ni kukunja. Liliingia Kiingereza katika karne ya 15 kupitia Kifaransa. Picha yake ni ya kitambaa kilichokunjwa: aliyeketi mbele anaona ua la juu, na la chini analijua mkunjaji peke yake.

Ukoo huu wa mikunjo ni mkubwa, na ukiujua unakusaidia kukumbuka maana. “Simplicity” ni mkunjo mmoja, hakuna kilichofichwa chini. “Complicity” ni kukunjwa pamoja na mwingine, ndiyo maana ni kushiriki uovu. “Explicit” ni kilichokunjuliwa wazi, “implicit” ni kilichobaki ndani ya mkunjo. Wagiriki nao walikuwa na karatasi iliyokunjwa mara mbili, wakaiita “diploma”, na humo ndimo tulimopata stashahada ya diploma na, kwa njia ndefu kidogo, diplomasia. Wenye ulimi mkali watasema si ajabu diplomasia na “duplicity” kukaribiana kiasi hicho. Mimi nimefasiri mikutano ya kutosha, nanyamaza.

4. Je, ni sawa na “duplicate”?

Mzizi ni mmoja, maana ziko mbali, na kuzichanganya kunaweza kukuharibia kazi. Niliwahi kuletewa barua ya maombi ya kazi niipitie kabla haijatumwa. Kijana alikuwa ameandika kwa mkono uliotulia kabisa: “I have attached the duplicity of my certificates.” Alitaka kusema nakala. Alichomwambia mwajiri ni kwamba ameambatisha undumilakuwili wa vyeti vyake, sentensi ambayo ofisa mwajiri yeyote angeisoma mara mbili kisha akaomba vyeti halisi.

Nakala ni “copy” au “duplicate”. Kurudufu ni “duplication”. Nyumba ya “duplex” ni nyumba mbili zilizoungana au zilizopandana, na haina ubaya wowote zaidi ya kodi yake.

Neno “dupe” nalo huulizwa. Lile la zamani, la mtu aliyepumbazwa, halihusiani na mikunjo hii. Ni la Kifaransa, na kwa kawaida huhusishwa na ndege hudihudi, ambaye Wafaransa walimwona mpumbavu. Ajabu kidogo kwa msomaji wa pwani, maana hudihudi tunayemjua sisi ni yule wa Nabii Suleiman, mleta habari za uhakika. Lile “dupe” jipya la mitandaoni, la manukato au mkoba unaofanana na wa bei ghali, hilo ndilo kifupi cha “duplicate”.

## Kulitumia katika sentensi

5. Linahesabika? Lina kitenzi?

Katika maana ya tabia, halihesabiki. Usiandike “a duplicity”. Andika “an act of duplicity” ukitaka kutaja tukio moja. Sifa yake ni “duplicitous”, kielezi ni “duplicitously”, na hicho cha mwisho ukikitumia mara moja kwa mwaka kinatosha.

Kitenzi hakuna. Ukitaka kitenzi, Kiingereza kinakupa “to deceive”, “to double-cross”, au “to play both sides”. Hilo la mwisho ndilo lililo karibu zaidi na kula huku na huku.

Maneno yanayopenda kulizunguka ni ya mashtaka: “accuse someone of duplicity”, “expose”, “guilty of”. Ni neno la kumnyooshea mtu kidole. Hakuna anayelitumia kujisifia.

6. Linafaa mazungumzo ya kawaida?

Hapana. Ni neno la tahariri, la bungeni, la riwaya na la hukumu. Ukimwambia jirani yako wa London kwamba shemeji yako ana “duplicity”, atakuelewa, lakini utasikika kama unasoma gazeti kwa sauti. Mtaani wanasema “he's two-faced”, mwenye nyuso mbili. Hapo mara nyingi hutajwa Janus, mungu wa malango wa Warumi aliyechongwa na sura mbili, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma. Mwezi wa Januari umebeba jina lake. Warumi wenyewe hawakumwona mnafiki. Bawabu anayetazama ndani na nje anafanya kazi yake.

## Majirani zake wa Kiingereza

7. Lina tofauti gani na “lie”, “deceit” na “fraud”?

Rafiki yako anakwambia kwenye simu, “Niko njiani, nimeshapita Ubungo,” huku unasikia maji ya bafuni yakimwagika. Huo ni uongo, “a lie”. Ni mmoja, mdogo, na kesho anausahau.

Unapata ujumbe kutoka namba usiyoijua: “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Huyo ni tapeli. Anachofanya ni “deceit” kama unazungumzia hila yenyewe, na “fraud” ukifika polisi au mahakamani, kwa sababu pana mali inayotafutwa kwa njia hiyo. Lakini tapeli huyo hakuwahi kukuonyesha uso wowote. Hakujifanya ndugu yako kwa miaka 10. Kuiita kazi yake “duplicity” ni kuipandisha cheo.

Sasa geuza: anayekutumia ujumbe huo ni mfanyakazi mwenzako, mnayekula naye kila mchana, na jioni ndiye anayekupa pole kwa kutapeliwa. Hapo ndipo neno letu linapoingia. “Deceit” ni jina la jumla. “Duplicity” ni aina yake inayohitaji uhusiano, mtu uliyekuwa unauona upande wake mzuri.

8. Na “mendacity”, “perfidy”, “guile”?

“Mendacity” ni uzoefu wa kusema uongo. Mwenye nayo ni mwongo wa tabia, si lazima awe na nyuso mbili. “Guile” ni hila au ujanja wa akili, na wakati mwingine ina chembe ya kusifiwa, kama tunavyomcheka na kumvulia kofia sungura wa hadithi.

“Perfidy” ni kuvunja imani uliyopewa. Neno hili lina maana ya kisheria iliyo kali. Kifungu cha 37 cha Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya mwaka 1977, inayoambatana na Mikataba ya Geneva, kinakataza kumuua, kumjeruhi au kumkamata adui kwa “perfidy”, mfano kuinua bendera nyeupe kana kwamba unajisalimisha kisha ukafyatua risasi. Kifungu hicho hicho kinaruhusu mbinu za kawaida za vita, kama kujificha kwa majani au kueneza habari za uongo kuhusu njia ya jeshi. Mpaka uko hapo: kumchanganya adui ni halali, kuitumia vibaya ahadi ya usalama aliyoiamini si halali.

9. “Hypocrisy” si ndiyo hiyo hiyo? Sote tunasema “mnafiki”.

Hapa ndipo wafasiri wanapoteleza kuliko popote, na kosa linatoka upande wetu, si wa Kiingereza.

“Hypocrisy” kwa Kiingereza ni kuhubiri usichokitenda. Neno lilitoka kwa Wagiriki, likiwa jina la kazi ya mwigizaji wa jukwaani. Kiongozi anayehimiza watu wabane matumizi kisha akaagiza gari jipya ana “hypocrisy”. Huenda hamfichi mtu; gari lenyewe liko barabarani mchana kweupe. Tatizo ni pengo kati ya mahubiri na mwenendo.

“Unafiki” wa Kiswahili ni mpana kuliko huo. Tuliuchukua kutoka Kiarabu pamoja na uzito wake wa dini. Katika hadithi inayojulikana sana ya Mtume, alama za mnafiki ni tatu: akisema huongopa, akiahidi huvunja ahadi, akiaminiwa huhini. Hata moja hapo haisemi lolote kuhusu kuhubiri usichokitenda. Wanazuoni wa lugha ya Kiarabu huunganisha neno hilo na shimo la panya wa jangwani arukaye, ambaye huchimba tundu lenye mlango wa pili aliouficha kwa udongo mwembamba. Ukimvizia huku, anatokea kule. Milango miwili! Kilatini kiliona mikunjo miwili, Kiarabu kikaona milango miwili.

Kwa hiyo sikiliza matumizi ya kila siku. Dada anasema: “Yule shoga yako mnafiki. Akiwa na wewe anacheka mpaka machozi, ukigeuka tu anakusengenya.” Ukifasiri “she's a hypocrite”, Mwingereza atauliza alikuwa akihubiri nini. Anachosema dada huyo ni “two-faced”, na katika maandishi mazito ni “duplicitous”. Ninaposahihisha tafsiri za Kiswahili kwenda Kiingereza, “mnafiki” huwa nalizungushia duara jekundu kwanza, kisha nasoma sentensi inayofuata.

## Kulifasiri kwa Kiswahili

10. Undumilakuwili ndiyo tafsiri pekee?

Ndiyo ya kwanza, si pekee. Ndumakuwili au ndumilakuwili ni nyoka anayesemwa ana kichwa kila upande, na jina lenyewe linakuonyesha: kuuma, kuwili. Kwa mtu tunalitumia kwa upatanisho wa watu, “ndumilakuwili huyu”, “ndumilakuwili hawa”.

Ukiwa na maneno ya mdomoni yanayopingana, “kauli mbili” inatosha na ni safi zaidi. Biblia ya Union, katika 1 Timotheo 3:8, inataka mashemasi wasiwe “wenye kauli mbili”. Ukiwa na mtu anayekwenda kwa hawa kwa uso huu na kwa wale kwa uso mwingine, “mwenye nyuso mbili” ina mizizi mirefu katika mafundisho ya Kiislamu. Ukiwa na anayekuumiza huku akikubembeleza, sema “anauma na kupuliza”. Panya ndiye aliyetufundisha, anakutafuna kisigino usiku na kukupuliza usiamke. “Uzandiki” ninauweka akiba kwa maandishi makali. Ukilitumia kila mahali linapoteza meno.

Kitu kimoja sikubaliani nacho: kuandika “dupliksiti” au “dyuplisiti” katika maandishi ya Kiswahili. Tunakopa panapo upungufu. Hapa hatuna upungufu, tuna ghala.

11. Kwa nini nisitumie “kigeugeu”?

Kwa sababu kigeugeu huwa kimoja kwa wakati mmoja. Jumatatu anaunga mkono, Alhamisi anapinga, na zote mbili anazisema mbele za watu. Ni kama kinyonga: rangi zake hubadilika, lakini unaziona zinavyobadilika. Ndumilakuwili ana zote mbili Jumatatu hiyo hiyo. Kwa kigeugeu Kiingereza kina “fickle”, na kwa mwanasiasa wa aina hiyo “flip-flopper”.

Kwa hiyo mtu aliyebadili mawazo, hata akibadili chama, hana “duplicity” kwa hilo peke yake. Ikigundulika kwamba alikuwa akihudhuria vikao vya siri vya upande wa pili miezi 6 kabla ya kutangaza, rudi kwenye hesabu ya swali la 1.

## Mahakamani, angani na katika historia

12. Wakili amesema hati ya mashtaka ni “bad for duplicity”. Polisi walidanganya?

Hapana, na wewe si wa kwanza kushtuka. Katika sheria ya jinai neno hili limebaki na maana yake kavu ya Kilatini, uwili. Shtaka lina “duplicity” pale shtaka moja linapobeba makosa mawili au zaidi ndani yake. Hakuna anayetuhumiwa kusema uongo.

Mfano: “Wewe, usiku wa tarehe fulani, uliiba pikipiki na kumjeruhi mlinzi,” yote katika shtaka moja. Mshtakiwa anaulizwa, ni kweli au si kweli? Kama pikipiki aliichukua lakini mlinzi hakumgusa, ajibu nini? Na hakimu akisema “nimekutia hatiani”, ni kwa lipi? Ndiyo maana kanuni inataka kila kosa liwe na shtaka lake, lenye namba yake. Mashtaka kadhaa yanaweza kukaa katika hati moja pale yanapotokana na tukio moja au mfululizo wa matukio yanayofanana; kwa Kenya jambo hili liko katika kifungu cha 135 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na Tanzania ina kanuni ya namna hiyo hiyo katika sheria yake. Hati yenye mashtaka mengi haina kasoro. Shtaka lenye makosa mengi ndilo lenye kasoro.

Kasoro hiyo haimwachii mtu huru papo hapo. Hati inaweza kurekebishwa kesi ikiendelea, na kwenye rufaa mahakama hutazama kama mshtakiwa alichanganywa au alinyimwa haki ya kujitetea sawasawa.

Kwa wafasiri wa Tanzania swali hili limekuwa la kila wiki tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Usithubutu kuandika “shtaka lina undumilakuwili”. Andika kwa urefu: “shtaka lina kasoro ya kuunganisha makosa zaidi ya moja.” Ni refu, ndiyo. Lakini mshtakiwa aliyesimama kizimbani ataelewa, na yeye ndiye mwenye shida.

13. Nimesoma “the duplicity of the star”. Nyota nayo?

Wanajimu wa sayansi husema hivyo wakimaanisha nyota inayoonekana moja kumbe ni mbili au zaidi, kama Mizar iliyo katika mkia wa kundi la nyota liitwalo Dubu Mkubwa. Ni maana kavu kama ile ya mahakamani. Fasiri “uwili”.

14. Nipe mfano wa historia ambapo Waingereza wenyewe hulitumia.

Ahadi za Uingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Kati ya Julai 1915 na Machi 1916, McMahon, mwakilishi wao Misri, aliandikiana barua na Sharif Hussein wa Makka, akimpa matumaini ya dola huru ya Waarabu kama wangeasi dhidi ya Waturuki. Mei 1916 Uingereza na Ufaransa zikagawana eneo hilo kwa siri katika makubaliano ya Sykes na Picot. Tarehe 2 Novemba 1917 Balfour, waziri wao wa mambo ya nje, akatangaza kuunga mkono makao ya kitaifa ya Wayahudi Palestina. Ahadi tatu, wasikilizaji watatu, ardhi ile ile. Wako wanaoitetea serikali ile kwa kusema maneno ya McMahon yalikuwa na utata tangu mwanzo. Wakosoaji hujibu kwamba utata wenyewe ndio uliokuwa mkunjo.

15. Na kwetu huku Afrika Mashariki?

Mfano ulionyooka kuliko yote uko kwa majirani, Ethiopia. Tarehe 2 Mei 1889 Menelik wa Pili na Italia walitia saini mkataba wa Wuchale, kwa lugha mbili. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema mfalme *anaweza* kuitumia serikali ya Italia katika mambo yake na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano kilisomeka kana kwamba amekubali kufanya hivyo, na Roma ikakitumia kutangaza kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake. Menelik alipowaandikia watawala wa Ulaya moja kwa moja, akajibiwa apitie Italia. Akaukana mkataba mwaka 1893, na mabishano ya kitenzi kimoja yakaishia Adwa, tarehe 1 Machi 1896, jeshi la Italia liliposhindwa vibaya. Mkataba wa Addis Ababa wa Oktoba mwaka huo ukaufuta ule wa Wuchale.

Kwa kazi yangu, kisa hiki huwa nakisimulia darasani kila mwaka. Swali linalozuka ni la nia. Kama Waitaliano waliijua tofauti na wakaifumbia macho, ni “duplicity”, na uwili wake unaushika mkononi, karatasi mbili. Kama mfasiri aliteleza tu, ni kosa la tafsiri. Wanahistoria hubishana, nami naona namna Roma ilivyong'ang'ania maandishi ya Kiitaliano baada ya tofauti kufichuka inawapa wakosoaji hoja nzito.

Watanzania huniuliza kuhusu Mangungo wa Msovero, aliyeweka alama kwenye hati ya Mjerumani Carl Peters mwaka 1884. Jina lake hadi leo tunalitumia kwa mikataba mibovu. Kwa namna tunavyofundishwa kisa hicho shuleni, mdomo ulizungumza urafiki na karatasi ikachukua ardhi, hivyo kipimo kinapita. Lakini asiulizwe Mangungo kuhusu “duplicity”. Aulizwe Peters, ambaye tarehe 27 Februari 1885 karatasi zile zilikwisha kumpatia hati ya ulinzi ya Kaiser.

## Mambo ya pembeni yenye ubishi

16. “Karibu chakula” wakati sufuria imebaki na kijiko kimoja ni “duplicity”?

Sivyo. Mgeni anapita mlangoni, wenyeji wako kwenye mkeka, ugali umebaki pembe moja na mchuzi umekauka. Mama anasema, “Karibu tule, baba.” Mgeni, ambaye tumbo linanguruma, anajibu, “Ahsante mama, nimeshiba, nimetoka kula sasa hivi.” Viwili vipo kila upande, lakini hakuna aliyedanganywa. Mama anajua, mgeni anajua, hata mtoto anayelamba vidole anajua. Hiyo ni adabu. Mgeni akikaa na kunawa mikono, hapo ndipo patakuwa na la kusema.

17. Jasusi je? Anaitumikia nchi yake.

Neno linamfaa, na halijali sababu yake ilikuwa njema. Juan Pujol García, Mhispania aliyewafanyia kazi Waingereza katika Vita ya Pili ya Dunia kwa jina la Garbo, aliwaaminisha Wajerumani kwamba ni mtu wao kiasi kwamba walimpa nishani ya Msalaba wa Chuma. Mwaka huo huo wa 1944 Waingereza nao wakampa nishani ya MBE. Nishani mbili kifuani pa mtu mmoja. Mwandishi wa Kiingereza akimsifu ataepuka “duplicity” na kusema “deception”, kwa sababu lile la kwanza limeshikamana na lawama. Akimwandikia upande wa Wajerumani, atalichukua bila kusita.

18. Nikizungumza Kiswahili sanifu ofisini na cha mtaani nyumbani, nina nyuso mbili?

Una lahaja mbili. Soma tena swali la 1: nani ameaminishwa kwamba ipo moja tu?

19. Nataka kumlalamikia mtu kwenye barua rasmi ya Kiingereza. Niandike kwamba ni “duplicitous”?

Nakushauri usiandike. Neno hilo linahukumu nia, na nia ni ngumu kuithibitisha. Msimamizi atageukia lugha yako badala ya malalamiko yako, na mhusika akiwa na wakili anaweza kudai umemchafulia jina.

Weka kauli zake mbili mezani zijisemee zenyewe. “On Monday you told me the post was filled. On Tuesday you advertised it.” Jumatatu uliniambia nafasi imejazwa, Jumanne ukaitangaza. Ambatisha nakala ya kila ujumbe, yaani “copies”.